Kigari Kisichotikisika

Jumanne, tarehe 5 Machi

Leo nimekaza kila kitu. Kila nati ya kigari cha mbio cha binti yangu, kuanzia bampa ya mbele mpaka ya nyuma, nimeikaza hadi spana ikalia. Kisha nikaongeza vyuma viwili vya kushikilia kiti, kimoja kila upande. Nimevikata mwenyewe kutoka kwenye fimbo ya pazia. Fimbo ya maana! Imebeba mapazia ya ukumbi wa mikutano miaka mingi na haikupinda hata kidogo.

Kigari sasa hakitikisiki. Ukikisukuma kwa goti ni kama unasukuma kabati la nguo.

Mke wangu alichungulia karakana (nusu yake ni karakana, nusu ni chumba changu cha kushonea mapazia). Akasema nimekikaza kama kitu kinachotaka kunitoroka. Nikamjibu kwamba kutoroka ndiyo kazi yake. Akaguna, akaenda zake.

Nimemalizia kwa kupaka mstari mwekundu juu ya kila nati, unaovuka mpaka kwenye chuma chake. Mafundi wakubwa hufanya hivyo. Nati ikizunguka hata unywele, mstari unakatika na unaona papo hapo. Rangi yenyewe ni ya kucha, ya mke wangu. Hajaulizia bado.

Sasa jambo zito. Binti alipita jioni akitoka kazini kwenye duka la dawa. Alikaa juu ya robota la kitambaa, akavua viatu, akasema Mjomba wake amempa ofa. Mjomba ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Ana vigari viwili, hema lenye zulia, na mikono ambayo sijawahi kuiona na grisi. Kigari kimoja anaendesha kijana wake. Cha pili hakina dereva. Anamtaka Binti akiendeshe msimu mzima.

Nikauliza amemjibu nini. Akasema amemwambia asubiri mpaka baada ya mbio za Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Akishaona kigari chetu kinavyokwenda, ataamua.

Nikasema vizuri, ni haki yake, mimi si mtu wa wivu. Kisha nikakata kitambaa cha mteja kifupi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sikulala vizuri. Nimefikiri sana. Tangu Binti apange chumba chake karibu na kazini, kilichobaki kati yetu ni hiki kigari. Simu zake ni fupi. Nikimuuliza habari ananiambia nzuri, nikimuuliza amekula ananiambia amekula. Lakini siku ya uwanjani tunakaa pamoja tangu asubuhi, ananiomba spana namba kumi na tatu, nampa, na hakuna anayeangalia saa. Shemeji akichukua na hilo, nitabaki baba wa kwenye simu.

Haiwezekani. Lazima tushinde.

Tatizo ni moja, na Binti amelisema mara nyingi: kigari kinasongwa kikitoka kwenye Kona ya Kisigino, ile kali kuliko zote. Anasema kinang'ang'ania, kama mtu amemshika shati kwa nyuma. Anakanyaga mafuta, injini inakoroma, kigari hakiendi. Vijana wana lugha ya kutia chumvi. Mimi nimeelewa mara moja: ni gia.

Hesabu ya gia haina maajabu. Kuna sproketi, yaani gurudumu la meno: ndogo mbele kwenye injini na kubwa nyuma kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na cheni kati yake. Ukiongeza meno nyuma, kigari kinatoka kwenye kona kwa hasira, ila kwenye mnyooko, ile sehemu ndefu isiyo na kona, pumzi inakata mapema. Ukipunguza, kinachelewa kuamka lakini mnyooko ni wake. Sisi nyuma tuna sabini na manne. Swali ni moja tu: shemeji ana mangapi?

Kumuuliza siwezi. Ningeona aibu mpaka mwakani.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ushindi! Acha niandike kwa utaratibu.

Juzi nilimpigia shemeji nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejali, kwamba jua linaloingia kwenye gereji yake litaharibu tairi. Mpira unakauka, unakuwa mgumu. Nikasema nitamshonea mapazia, zawadi, sisi ni ndugu. Alifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Leo nikaenda kupima dirisha. Kigari cha kijana wake kilikuwa kwenye stendi, sproketi ya nyuma inang'aa kama sahani ya wageni. Nikainama, futi ya kupimia mkononi, nikaanza kuhesabu meno. Nilipofika arobaini na kitu shemeji akaingia na juisi. Nikapoteza hesabu. Nikapima dirisha. Akatoka. Nikaanza upya, nikafika sitini, akarudi kuuliza kama nataka barafu. Nikapima dirisha tena. Akanisifu. Akasema hajawahi kuona fundi mwangalifu hivi, anayepima dirisha moja mara nne.

Mara ya mwisho nilitia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Sabini na tisa! Meno sabini na tisa! Ndiyo siri yote ya hema lenye zulia.

Nimerudi na kufunga sabini na tisa kwenye kigari chetu. Nimeongeza pingili za cheni, nimepaka mafuta, nimeimba. Kisha nimekata pazia la shemeji. Baadaye nikagundua nimelikata upana wa sentimita sabini na tisa. Dirisha lina mita moja na nusu. Nitamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi, pazia linaloacha hewa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Siku ya mazoezi. Sina raha.

Binti alitoka kwenye Kisigino vizuri kiasi. Nikaanza kupiga makofi. Kisha akaingia kwenye mnyooko, na kabla hajafika nusu yake injini ikaanza kupiga kelele kama cherehani isiyo na kitambaa. Imeishiwa. Haina pa kwenda. Kila mtu akampita. Mzee mmoja mwenye kiribatumbo alimpita huku akimpungia mkono.

Binti alirudi, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba gia ni fupi mno, meno ya nyuma yamezidi. Akasema tena kwamba kwenye Kisigino bado kinang'ang'ania, ila sasa kinang'ang'ania kwa kelele. Akaniuliza kama anaweza kunieleza kitu kuhusu nyuma ya kigari. Nikamwambia anieleze baadaye, sasa hivi nafikiria upepo. Kulikuwa na upepo wa mbele, nina hakika, ingawa bendera zilikuwa zimelala.

Kijana wa shemeji, na meno yake yaleyale sabini na tisa, alipita kwenye mnyooko kwa utulivu mkubwa. Inakuwaje? Injini zao ni sawa na zetu, zinakaguliwa na kufungwa sili. Nimekaa nyuma ya gari nikikodolea macho mlango wa choo cha uwanja.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mke wangu kaniuliza kwenye chai kwa nini nimenuna. Nikamweleza, bila kutaja jinsi nilivyopata ile namba, kwamba kuna watu wana sabini na tisa nyuma na bado wanakimbia.

Akasema ah, kaka yake? Yeye mbele ana kumi na moja.

Nikaacha kutafuna. Mbele! Sisi mbele tuna meno kumi! Na jino moja la mbele ni sawa na saba au manane ya nyuma. Nilihesabu sproketi kubwa nikasahau kwamba kuna ndogo, imefichwa na kikinga cheni. Gia yake si fupi kuliko yetu ya zamani, ni ndefu zaidi! Nilikwenda upande wa pili kabisa wa dunia.

Nikamuuliza mke wangu amejuaje. Akasema kaka yake alimwambia kwenye simu wiki iliyopita, wakiongea habari za kawaida. Akasema ningemuuliza angeniambia, hana siri yule. Akauliza pia nani kachukua rangi yake ya kucha.

Nikaenda kutazama hali ya hewa.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimefunga sabini na mawili nyuma. Kwa kumi ya mbele, sasa tuko sawasawa na shemeji. Hesabu haidanganyi.

Mchana nilimpeleka Binti chakula kazini, nikamkuta peke yake, anapanga vichupa. Nikampa habari njema. Hakuruka kwa furaha. Akaweka vichupa chini, akasema anaomba nimsikilize dakika chache tu, kama mteja.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa haki. Anasema kigari hakina springi. Chasisi yenyewe, ile fremu ya chuma, ndiyo springi. Magurudumu ya nyuma yako kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, hakuna linaloweza kwenda polepole kuliko mwenzake. Kwa hiyo kwenye kona kali, gurudumu la ndani lazima linyanyuke kidogo. Likibaki chini linaburuzwa, na injini inavuta kigari na breki kwa wakati mmoja. Ili linyanyuke, chasisi lazima ijipinde. Ya kwetu haijipindi. Anasema anahisi hivyo kwenye mbavu na makalioni. Anadhani ni vile vyuma viwili vya fimbo ya pazia. Tangu vifungwe, kusongwa kumekuwa kubaya maradufu. Anaomba tuvitoe.

Nikamwambia kwamba nimefanya kazi na vitu vinavyoning'inia maisha yangu yote, na sijaona kitu kilichoharibika kwa kufungwa vizuri. Akasema Baba, pazia halipigi kona. Mteja akaingia kutafuta dawa ya kikohozi, tukaishia hapo.

Njiani nilifikiri sana. Ni kweli huyu mtoto anajua kusema. Lakini makalio si kipimo. Kipimo ni futi, ni spana, ni macho. Na ukweli mwingine nauandika hapa tu: akiwa sawa yeye, basi mimi nimekuwa nikimshika shati kwa mikono yangu mwenyewe. Sitaki iwe hivyo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mpango mpya, wa kumpoteza shemeji maboya. Alikuja kuchukua mapazia. Nilimwona anashuka, nikaweka simu sikioni na kusema kwa sauti, bila mtu upande wa pili, kwamba tumeamua, nyuma tunafunga themanini na manne, ndiyo, themanini na manne, na asisikie mtu. Nilijua atakimbilia kubadilisha ya kwake.

Shemeji alisimama mlangoni kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akachukua mapazia, akayanyoosha, akayatazama, akasema ni mazuri, yatasaidia kwa upande mmoja wa dirisha.

Jioni alimpigia mke wangu, ana wasiwasi. Amesema themanini na manne kwa kumi mbele itapasua injini ya watu, na kama shida ni sproketi atatuazima, anazo nyingi, nisione haya. Mke wangu alinipa ujumbe huo neno kwa neno, amesimama, mikono kiunoni.

Huyu mtu ni hatari. Wema wake hauna mlango wa kuingilia.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mke wangu amekaa nami karakana mchana, jambo la nadra. Alikuwa anapinda ukingo wa pazia, mimi nasafisha cheni. Akauliza nitafanya nini Binti akienda kwa mjomba wake. Nikasema nitamtakia heri. Akasema si swali la kujibu watu, ni swali la kumjibu yeye.

Nikamwambia ukweli: sijui. Nikamwambia kwamba alipohama, nilimshonea mapazia mazito ya chumba chake, marefu mpaka sakafuni, na nilipokwenda kumtembelea nikakuta kayafunga fundo pembeni ili mwanga uingie. Nilirudi na basi nikiwa na uchungu wa ajabu, juu ya kitambaa tu.

Mke wangu akasema labda alitaka mwanga.

Tukaendelea na kazi. Kesho ndiyo kesho. Nimekagua mistari yote myekundu. Hakuna uliokatika. Nati zangu zote ziko pale nilipoziacha, na hilo lilinituliza kuliko maneno.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Niandike pole pole.

Kulikuwa na raundi mbili za kupanga nafasi, kisha fainali. Raundi ya kwanza Binti alimaliza wa kumi kati ya kumi na wawili. Kwa yale sabini na mawili, kwenye Kisigino kigari kilikufa kabisa. Ungeweza kushuka ukasukuma. Alirudi jasho linamtoka, akakaa, akasema Baba, tafadhali, legeza vile vyuma viwili vya nyongeza. Nati nne tu. Hana nguvu ya kubishana, anataka kuhisi tofauti.

Nikasema sawa.

Nilisema sawa, nikachukua spana, nikapiga magoti nyuma ya kiti. Naye akaenda kunywa maji. Niliweka spana kwenye nati ya kwanza. Na mkono ukakataa. Nilijiona nalegeza kitu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha kinapepesuka kwa kasi ile, na mtoto yumo ndani. Pia, niseme yote, nilijua niko sahihi. Basi nikazungusha spana hewani. Nati moja baada ya nyingine, nikiguna kama mtu anayelegeza. Nilipomaliza nikafuta jasho. Lilikuwa jasho la kweli.

Raundi ya pili, wa kumi na moja.

Alirudi, hakuvua kofia. Alizunguka mpaka nyuma ya kigari. Akachuchumaa nyuma ya kiti, akatazama. Mistari ile myekundu ilikuwa mizima, yote minne, imenyooka kama ilivyopakwa. Rangi nzuri sana, haikubanduka hata punje.

Akasema Baba, rangi. Basi.

Nimewahi kugombezwa na wateja, na mama yangu, na askari. Sijawahi kusikia neno likiniingia vile. Nikafungua mdomo nimweleze habari za usalama. Yeye akachukua spana mkononi mwangu. Hakuvilegeza vile vyuma. Alivitoa kabisa, vyote viwili, akanipakatisha, nami nikakaa navyo mapajani kama mtu aliyepewa watoto wa watu.

Fainali ikaanza. Binti wa kumi na moja, karibu na mwisho kabisa.

Mimi nilikuwa kwenye uzio wa Kisigino. Mzunguko wa kwanza alipita katikati ya kundi, sikuona kitu. Wa pili nikaona. Gurudumu la nyuma la ndani lilinyanyuka. Kidogo tu, unene wa pindo la pazia. Likaelea, likashuka taratibu, na injini ikatoka kwenye ile kona ikiimba. Kwa mara ya kwanza niliisikia ikiimba! Akampita mmoja hapo hapo. Mzunguko uliofuata wawili. Kwenye mnyooko, sabini na mawili yangu yakafanya kazi yake, hakuna aliyemfikia.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa uwanjani, na hapo hapo nilikuwa na uchungu, kwa sababu kila alichokipata alikipata baada ya kuiondoa mikono yangu. Nilipiga kelele kwa yote mawili. Watu walidhani ni furaha tu.

Wa tatu! Kijana wa shemeji wa kwanza. Shemeji alikuja kunikumbatia, akasema huyu mtoto ana kipaji, na baba yake ana moyo. Nilishindwa kumchukia kwa muda wa dakika nzima.

Binti alifunga kigari kwenye trela bila kuongea nami. Alipoondoka aliniaga, lakini kwa kichwa tu.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya. Nimevaa hata shati lililopigwa pasi.

Alikaa palepale juu ya robota la kitambaa. Akasema kilichomuumiza si kwamba nilikosea gia, wala vile vyuma. Kila mtu anakosea. Kilichomuumiza ni kwamba nilisema sawa. Akasema yeye ndiye anayekaa ndani ya kile kitu, lami iko karibu kabisa na makalio yake, na kama hawezi kuniamini nikisema nati imelegea, siku moja hataniamini nikisema imekaza.

Nikamwambia nilimwogopea. Akasema anajua. Nikamwambia tena nilitaka niwe mimi niliyejua. Akasema hilo pia analijua, akacheka kidogo, macho yamelowa. Yangu pia, lakini ilikuwa vumbi la vitambaa.

Kisha akatoa uamuzi. Amemkatalia Mjomba! Nikauliza kwa nini, na papo hapo nikajuta kuuliza. Akasema kwa Mjomba kila kitu kiko tayari, atapewa kofia na kuonyeshwa kiti. Yeye anataka kujifunza kupanga kigari mwenyewe, na kwangu kuna mengi ya kurekebisha.

Sifa kubwa hiyo. Nimeiandika ili nisiisahau.

Ila kuna sharti. Nisiguse nati yoyote bila kumuuliza kwanza. Kigari kinavyotembea atasema yeye, mimi nitasikiliza na kuamini. Nikirudia tena, hata mara moja, anakwenda kwa Mjomba, na safari hii hatakuja kunieleza, ataondoka tu. Alilisema hilo bila hasira, na ndiyo maana liliniogopesha. Niliapa. Niliapa kwa dhati, mkono kifuani, mbele ya mama yake ambaye alikuja kusikiliza huku akitazama kucha zake.

Alipoondoka nilikaa peke yangu muda mrefu nikifikiri nimekuwa baba wa namna gani. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Siku nzuri. Moyo mwepesi. Nimevirudisha vile vyuma viwili kwenye rafu ya fimbo na sina kinyongo navyo.

Nikitafakari kwa utulivu mbio za juzi, ukweli unajitokeza. Wa tatu kutoka wa kumi na moja! Na kilichompitisha watu kwenye mnyooko ni sabini na mawili. Nani alifunga sabini na mawili? Simtaji. Kuhusu gurudumu lile kunyanyuka, ni jambo zuri, nakubali kabisa. Ila nilikuwa pale kwenye uzio na nililiona kwa macho yangu: lilinyanyuka unene wa pindo. Kama unene wa pindo unampa nafasi ya tatu, mara mbili ya hapo itampa nini?

Nimemuuliza Binti asubuhi kwa simu, kama nilivyoahidi, kigari kinajisikiaje. Anasema kiko vizuri sana, kisiguswe. Nimesikiliza na nimeamini. Lakini ninamfahamu, ana adabu, hawezi kumwomba baba yake kitu kingine wiki hii baada ya yote yaliyotokea. Ni juu yangu kumrahisishia.

Kuna mtu anauza ekseli ngumu zaidi, iliyotumika kidogo. Ekseli ngumu, kwa nilivyoelewa, inalisukuma gurudumu juu zaidi. Nimekwenda, nimeiona, imenyooka vizuri. Iko hapa mezani, kati ya mkasi na chaki. Nimeipima mara nne.

Nimefikiri sana kuhusu kiapo. Mimi ni mtu wa kiapo. Kiapo kilihusu nati. Ekseli inashikwa na skrubu ndogo sita, za kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Hakuna nati hata moja. Nimezungukia kigari mara mbili kuhakikisha.

Mke wangu yuko sokoni, Binti yuko kazini. Amepiga simu saa nane mchana huu, sauti imechangamka, kuniuliza kama nimekula, halafu kama kwa utani akauliza iwapo nimegusa kitu chochote kwenye kigari. Nimemwambia sijagusa. Wakati ule ilikuwa kweli.